Usiku Mmoja Kati ya Busia na Tororo

Basi la usiku kutoka Nairobi hufika Busia alfajiri, abiria bado wana usingizi machoni. Kondakta anapita katikati akigonga viti kwa kiganja: shukeni wote, vitambulisho mkononi, mizigo iacheni. Tunashuka tukijifunika shuka na makoti, tunaufuata msururu wa watu hadi jengo la upande wa Uganda. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani kizinduliwe rasmi na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta mnamo Februari 2018, anayetoka Kenya hapangi foleni mara mbili. Maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja, dirisha kwa dirisha. Huyu anakugongea mhuri wa kutoka, yule wa kuingia, na safari inaendelea.

Nje kumekucha. Wabadilisha fedha wameshika mabunda ya noti. Kijana wa chapati anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anatupia nyanya, kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, anakoroga kwa uma na kumimina kwenye karai. Yai likianza kushika, analifunika kwa chapati, analigeuza, analikunja na kulifunga kwa karatasi. Hiyo ndiyo roleksi, chakula ambacho Waganda wamekifanya chao hata Waziri wa Nchi wa Utalii wa wakati huo, Godfrey Kiwanda, akakinadi kwa wageni mwaka 2016. Hujamaliza ya kwanza, honi inalia. Watu wanakimbilia mlangoni, kondakta anahesabu vichwa, basi linaondoka kuelekea Bugiri, Iganga na Jinja. Dakika chache baadaye linakuja lingine.

Nimepita hapo mara nyingi kwa miaka mingi, na kila mara najiuliza swali lilelile. Katika pesa zote alizobeba msafiri huyu, kiasi gani kimebaki Busia? Jibu ni bei ya roleksi moja na chupa ya maji. Nauli imelipwa Nairobi, kitanda kitalipwa Kampala. Mji unaopitiwa na watu usiku na mchana unaishi kwa makombo ya safari zao.

Kila inapozungumzwa fursa ya kuwekeza katika utalii wa Uganda, macho huelekea magharibi. Huko kuna sokwe wa milimani wa Bwindi, ambao kibali cha kuwatazama kwa mgeni wa kutoka ng'ambo kimekuwa dola 800 tangu Julai 2024. Mgeni huyo hutua Entebbe, huchukuliwa na gari la kampuni, hulala hoteli ya msituni na kurudi kwao. Aende salama, na Uganda izidi kumtunza. Lakini anayeiwazia Busia, au mji jirani wa Tororo, kwa kumsubiri mgeni huyo atasubiri sana. Mgeni wa mpaka huu ni mwingine, na yuko barabarani tayari. Ni Mwafrika Mashariki mwenyewe: mwanafunzi anayerudi chuoni, mama anayekwenda harusi ya mpwawe Kampala, mfanyabiashara wa nguo, kwaya iliyoalikwa, familia inayokwenda matanga. Kenya na Rwanda ndizo zilizo mbele kwa idadi ya watu wanaoingia Uganda, na wengi wao huingia kwa barabara. Kinachohitajika ni kuwapa sababu ya kulala usiku mmoja.

Anayedhani nakuza mambo awatazame mahujaji. Kila mwaka mwezi Mei, makundi ya Wakenya huvuka mpaka kwa miguu kwenda Namugongo, nje ya Kampala, kuwahi maadhimisho ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Siku hiyo mwaka 1886 vijana Wakristo walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi hao kuwa watakatifu. Kutoka Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Utawaona pembeni mwa lami, wazee kwa vijana, rozari mkononi, jamvi limekunjwa mgongoni, mbele yao bendera ya parokia. Miguu imevimba, kandambili zimefungwa kwa kamba, nyimbo hazikatiki. Usiku hulala makanisani na katika madarasa ya shule.

Huko Hispania kuna njia ya mahujaji iendayo Santiago de Compostela. Anayeifuata hubeba kijitabu, na kila anapolala hugongewa mhuri. Akitembea kilomita 100 za mwisho kwa miguu, hupewa cheti. Kando ya njia hiyo vijiji vidogo, ambavyo vingekuwa vimehamwa zamani, vinaishi kwa kuuza kitanda, supu na maji ya moto ya kulowekea miguu. Havikusubiri hoteli ya nyota tano. Watu walifungua vyumba vya nyumba zao, parokia zikaweka vitanda vya ghorofa, halmashauri zikachora alama njiani. Sisi tunayo njia, tunao mahujaji, na mihuri tumeizoea sana mpakani. Kitanda ndicho kinachokosekana.

Na kitanda si jambo dogo. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kulala Busia na wageni wangu wanne, wazee wawili wakiwamo, ili tuione Tororo kesho yake. Lojing'i tuliyopata, jina lake nitaliacha, maji hayakutoka usiku kucha. Baa ya chini ilipiga muziki hadi saa tisa. Shuka zilinuka sigara. Asubuhi mzee mmoja miongoni mwetu aliomba tuondoke mapema, na safari ya kuiona Tororo ikaishia kwenye kioo cha gari. Tulikuwa na pesa na tulikuwa na siku nzima. Kilichotukimbiza ni kukosa ndoo ya maji na shuka safi, vitu ambavyo mama yeyote wa Busia anavyo nyumbani kwake.

Tulichokikosa siku hiyo nimekirudia baadaye, mara mbili. Mwamba wa Tororo unauona toka mbali, unachomoza juu ya mji kama jino. Ni mabaki ya volkano ya kale sana, na kilele chake kipo kama meta 1,480 juu ya usawa wa bahari. Unapanda asubuhi, kwanza kwa njia ya miguu katikati ya vichaka, kisha kwa ngazi za chuma mahali ambapo jiwe linasimama wima. Shika ngazi kwa mikono miwili na usitazame chini kabla hujafika. Juu kabisa upepo unakupiga kifuani, na nchi mbili ziko miguuni pako. Kaskazini-mashariki ni Mlima Elgon, mpana, kichwa ndani ya mawingu. Mashariki ni Kenya, na ukitafuta mahali mpaka ulipo hutauona. Mashamba ya mihogo na mtama yanaendelea tu. Chini yako mabati ya mji yanametameta, uwanja wa gofu ni wa kijani, na moshi wa kiwanda cha saruji unapanda polepole. Saruji imetengenezwa Tororo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, zama zile bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa Jinja.

Nimesema asubuhi kwa sababu. Tororo imetajwa kwa muda mrefu katika vitabu vya hali ya hewa kuwa miongoni mwa mahali panaponguruma radi kwa siku nyingi zaidi duniani, zaidi ya siku 200 kwa mwaka kwa hesabu inayonukuliwa sana. Alasiri mawingu yanajikusanya upande wa Ziwa Victoria, na saa kumi mwamba si mahali pa kukaa. Hapa pana fursa ambayo sijasikia ikitajwa. Wako watu duniani wanaosafiri kwa ajili ya radi, wapiga picha na wanafunzi wa anga, nao wanahitaji mahali salama pa kukaa, penye paa lenye kinga ya radi, dirisha kubwa na chai ya tangawizi. Mwenyeji anayejua mvua ya Tororo inatoka wapi na inaingia saa ngapi ana ujuzi wa kuuza.

Mji wenyewe una mengi ya kusimulia. Hapa reli inagawanyika, moja kuelekea Jinja na Kampala, nyingine kuelekea Mbale, Soroti na kaskazini. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, wengi walipanda treni Kampala wakielekea Mombasa, na treni hizo zilipita hapa. Kabla ya hapo, maduka mengi ya mji wenyewe yalikuwa ya Wahindi. Mzee wa Tororo akikutembeza barabara kuu kwa saa mbili, utajua historia ambayo huwezi kuipata kwenye kijitabu cha hoteli. Matembezi hayo hayahitaji mtaji wa kujenga. Yanahitaji vijana waketi na wazee hao na kuandika wanayoyakumbuka, mapema, kabla wazee hawajaondoka.

Busia nayo imeipa Afrika Mashariki neno. Bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu, miaka ya 1960 na 1970, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwabeba watu na mizigo katikati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, “border”, lililotamkwa kwa ulimi wa hapa. Leo neno hilo liko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli. Sijaona Busia hata kibao kimoja kinachosema: hapa ndipo lilipoanzia. Chumba kimoja chenye baiskeli za zamani zenye kiti cha sponji nyuma, picha za waendeshaji wa kwanza na sauti zao zilizorekodiwa kingewasimamisha wasafiri wengi kuliko bango lolote la hoteli. Katika chumba hicho nisingesahau baiskeli za magurudumu matatu za wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu, ambao kwa miaka mingi wamebeba bidhaa kuvuka mpaka huu, wakiendesha kwa mikono, na kwa kazi hiyo wamesomesha watoto.

Lakini kama ningekuwa na pesa ya kuweka mahali pamoja, ningeiweka kwenye michoro ya miambani. Upande wa Kenya, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia, kuna Kakapel, pango la mwamba lililo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwenye ukuta wake kuna miduara iliyochorwa mmoja ndani ya mwingine, kazi ya wawindaji wa kale, na ng'ombe waliochorwa na watu waliokuja baadaye. Upande wa Uganda, ukitoka Tororo ukapita Mbale hadi Kumi, kuna Nyero, nako ni miduara ileile kwa rangi nyekundu, pamoja na maumbo yanayofanana na mitumbwi. Anayeitazama michoro ya pande zote mbili haambiwi na mtu kwamba watu wa pande hizi walikuwa na mawazo mamoja. Anajionea.

Mwaka 2024 Kakapel iliongezewa heshima nyingine. Wanaakiolojia waliochimba pale walitangaza kuwa wamepata kunde zilizoungua, za miaka 2,300 hivi iliyopita, ambazo ni mbegu za mazao ya kupandwa za kale kuliko zote zilizopimwa umri moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Walipata pia wimbi la miaka isiyopungua 1,000. Tafakari jambo hilo ukiwa umekaa kijijini Teso, umeandaliwa atap, ugali wa wimbi, na pembeni kuna chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu na watu wote mduarani. Mbegu iliyo kwenye kabati la makumbusho iko pia kwenye sahani yako. Nchi ngapi zinaweza kumpa mgeni kitu kama hicho kwa mchana mmoja?

Njia yenyewe ni hii: Kakapel asubuhi, mpaka wa Malaba mchana, Tororo jioni kulala, mwamba alfajiri, kisha Mbale na Nyero. Anayekuja mwezi Agosti wa mwaka wenye namba shufwa atakuta imbalu, tohara ya Wamasaba, ikizinduliwa Mutoto karibu na Mbale, na Wabukusu upande wa Kenya wakiwa katika msimu uleule. Wamasaba na Wabukusu ni ndugu. Mpaka uliwakuta pamoja, kama ulivyowakuta Wasamia na Wateso. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda kuwa sehemu ya himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya, na hapo ndipo mstari ulipowekwa kati ya mtu na shamba la mjomba wake.

Ziwa nalo lipo. Majanji, upande wa Uganda, ina mchanga mzuri na sangara wa kukaangwa mbele ya macho yako. Hilo linajiuza lenyewe, mradi barabara na vyoo viwe vya kuaminika.

Sasa nizungumze na mwenye pesa. Kwanza, ardhi. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi huko isipokuwa kwa kukodi, na mkataba hauzidi miaka 99. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imeweka kikomo hichohicho kwa wageni. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya ardhi ya Tororo na Busia ya Uganda ni ya kimila, aina ambayo Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitambua kikamilifu. Maana yake ni kwamba unayemwona shambani si lazima awe mwenye neno la mwisho. Kuna ukoo, kuna wajane, kuna kaka aliyeko Nairobi. Anayefika na wakili na mabegi ya pesa kwa siku moja atanunua kesi. Anayeketi na ukoo, akakodi, akawapa sehemu ya faida na kazi kwa watoto wao, atakuwa na walinzi asiowalipa mshahara. Hilo nalisema kwa uhakika kuliko jambo lolote lingine katika makala hii.

Pili, udogo. Fursa za mpaka huu ni vyumba sita, siyo mia mbili. Ni mama mwenye nyumba ya vyumba vitano anayekopa kupitia chama chake, anajenga tangi la maji na vyoo viwili, ananunua magodoro. Ni vijana kumi wanaojisajili kuwa waongozaji wa mwamba, wenye kamba, sanduku la huduma ya kwanza na bei moja iliyobandikwa mahali pa kuonekana. Ni egesho la mabasi lenye mkahawa safi ambapo kampuni ya basi inakubali kusimama saa mbili badala ya dakika 20.

Tatu, lugha. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Busia haikusubiri uamuzi huo. Sokoni Sofia, upande wa Uganda, Msamia, Mteso, Mjopadhola na Mganda wanauziana kwa Kiswahili kila siku ya Mungu. Mwongozaji anayeweza kumweleza Mtanzania na Mkongomani habari ya mwamba kwa lugha yao ana soko ambalo Bwindi haijalifikiria.

Na serikali mbili zina kazi yao. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu 2014 mgeni wa mbali anaweza kuzitembelea nchi hizo tatu kwa viza moja ya dola 100 ya siku 90. Hayo ni mazuri. Lakini mwongozaji wa Busia ya Kenya anapotaka kuwapeleka wageni wake Tororo kwa gari lake, anakutana na kibali cha muda cha gari, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA na swali la leseni yake kama inatambulika ng'ambo ya pili. Mfanyabiashara mdogo amewekewa utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Mwongozaji mdogo apewe wake: cheti kimoja, kinachotambulika Kakapel na Nyero sawasawa.

Muda haungoji. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na mashabiki wa Nairobi na Kampala watapita barabara hii. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki mkataba wa reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Treni hiyo itakapoanza, abiria ataipita Tororo kwa kasi kubwa kuliko ya basi la leo. Mji usiokuwa na sababu ya kumshusha utaonwa dirishani tu.

Mahujaji watapita tena Mei ijayo. Mwenye chumba kitupu kando ya barabara ya Busia, mwenye banda la shule, mwenye kisima cha maji safi, aanze kujitayarisha sasa. Magodoro kumi, ndoo za maji ya moto, mhuri wa mpira wenye jina la kijiji na daftari la kuwaandikia majina. Mgeni wa kwanza atafika kwa miguu, amechoka, na atalipa.